Weka Kidole Hapa

Sokoni Virunga, Bisimwa hauzi kwa maneno.
"Weka kidole gumba hapa," anasema,
"bonyeza bila huruma."

Kwanza musi, sponji ya njano ya kiwandani.
Kidole kinazama. Nakitoa,
shimo linabaki, linawaza,
linajaa polepole kama mtu anayetafuta jina.
Hii, anasema, ni dawa na dawa ndani ya pipa;
ziligombana, zikaumuka kama unga wa mandazi.
Amekata ncha tuone pumzi zilizofungwa:
matundu, matundu,
kama jiwe la Nyiragongo tulilojengea choo.

Kisha lateksi. Rangi ya maziwa yaliyolala.
Nabonyeza, nayo inanisukuma;
sijatoa mkono, imeshajaa tena,
haijui kama nilifika.
"Huu ni mti," ananong'ona Bisimwa.
"Ulichanjwa, ukalia kikombeni.
Miaka ishirini, haibonyei."
Nanusa: mpira wa utotoni uliopasuka,
na mikono ya babu
aliyechanja miti ya wenyewe huko Yangambi
akalala maisha yake yote juu ya mkeka.

Bei? Musi, dola arobaini.
Ya mti, Bisimwa anatazama kwanza mawingu.

Akiba ninayo. Niliiweka kwa ajili ya mgongo wa mama,
mgongo uliopinda kama mpini wa chukudu.
"Tuchukue ya mti," namwambia.
"Inyanyueni nione."
Tunainyanyua: mimi, Bisimwa, kijana wa chukudu,
watu watatu, na bado inaning'inia
kama ng'ombe aliyezimia.

"Mlima ukitema," mama anauliza,
"ama wale wakishuka tena usiku,
hii nani ataibeba kichwani mpaka Sake?"

Kijana wa chukudu anaanza kucheka. Anaacha.

Basi tumefunga musi kwa ukanda wa kauchu
uliokatwa kwenye tairi la ndani,
mti ukatusindikiza hivyo hivyo hadi Majengo.

Nyumbani nashika ile ya zamani niitupe nje.
"Iache."
Upande wa ukutani ina bonde,
refu kama baba, na bega la kushoto limezama zaidi.
Mama anatandika mpya juu ya kuukuu,
analainisha shuka,
halafu upande ule wa ukutani
anabonyeza kwa kiganja kizima,
anasubiri.