Mita Sita za Ujazo

Bwana Hrovat alikuja Jumanne na kipimo chake cha mwanga,
akaielekeza nukta nyekundu kwenye kabati, kwenye kitanda,
kwenye piano isiyoguswa tangu Brina aolewe,
akaandika, akafuta, akasema: ishirini na mbili.
Nimelipia sita.

Kontena si langu peke yangu. Nimechangia
na daktari wa meno wa Maribor na pikipiki zake mbili
na mtu mwingine asiyetajwa jina: magodoro, mashine ya kahawa.
Tutapakiwa Koper, tutashushwa chini kabisa ya ramani,
ambako binti yangu anasema Januari ni joto
na mwezi umelala kichwa chini.
Wiki kumi na moja, alisema Hrovat. Au kumi na nne.
Bahari haina neno, alisema, wenye maneno ni watu wa bandari.

Basi nimekaa mezani na fomu.
Namba ya sanduku. Kilichomo. Thamani kwa euro.

Moja: sahani za maua, kumi na moja.
(Ya kumi na mbili aliivunja Lovrenc
usiku tulipogombea jina la mtoto.)
Euro arobaini.
Mbili: mashuka, cherehani, saa isiyokwenda.
Tatu: vitabu. Nimevipima mkononi kama muuza nyama,
kinene kikabaki, chembamba kikapanda.

Halafu fomu inauliza: Una asali? Una nta?
Una kifaa chochote kilichowahi kuguswa na nyuki?
Inauliza kama polisi aliyekwisha kujua jibu.
Mizinga kumi na minane nyuma ya nyumba,
kila mmoja na kibao chake cha rangi mlangoni:
mbweha anamnyoa mwindaji ndevu,
mke anamrudisha mumewe baa kwa toroli.
Nilimpigia Brina. Kule kwao kulikuwa kumekucha.
"Mama," alisema, "watavichoma."
Nyuki nimempa Tinkara, jirani,
kwa bei ya ujirani, yaani bure,
na vibao pia, na kofia yenye wavu,
na bado hunipungia mkono kama mwenye deni.

Ukurasa wa nne, herufi ndogo:
viatu vya nje visiwe na chembe ya udongo.

Mabuti ya Lovrenc yalikuwa nyuma ya mlango wa ghala
yakiwa yameegemeana, vile alivyoyavua.
Nikatandika gazeti. Nikachukua msumari,
mswaki mkuukuu, siki, maji ya moto.
Ulitoka mweusi: wa bustani ya kabichi.
Ukatoka wa kijivu, wenye changarawe: njia ya mizinga.
Kisha kisiginoni, ndani kabisa ya mfereji wa raba,
ukatoka mwekundu.

Hapa kwetu hakuna udongo mwekundu.
Si shambani, si makaburini, si huko kwa dada yake.
Nikakaa na mswaki mkononi mpaka maji yakapoa.
Miaka thelathini na nane, nikijua hata
kikohozi chake kipi ni cha moshi na kipi ni cha uongo.
Ulikwenda wapi, wewe mzee?

Vijana wa Hrovat walikuja Ijumaa, saa moja asubuhi.
Mmoja alinyanyua sanduku la mwisho kwa kidole, akacheka:
"Hili tupu, mama?"
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nikamwambia achukue tu, alipange juu.

Thelathini na moja: mabuti, jozi moja, safi.
Kwenye thamani niliandika mia tatu, nikakata,
nikaandika kumi, na kumi nayo nikaikata,
Hrovat akasema fomu haikubali michoro, chagua.
Nikaweka sifuri. Bima haikuwa na la kuuliza.

Udongo mweusi na wa kijivu nimeurudisha bustanini.
Ule mwekundu uko kwenye kisosi, dirishani jikoni.
Wapangaji wanaingia kesho.
Watadhani ni pilipili.