Siku Nne, Bila Sababu

Dirishani pa tiketi, bandari ya Kaskazini,
kijana aliniuliza: mzigo kiasi gani?
Nikamwonyesha mkoba, kitenge, kandambili.
Akachungulia nyuma yangu
kana kwamba magunia yangu yamechelewa njiani.

Pole mama, akasema mwenzangu wa kitanda cha juu,
umefiwa na nani?
Hajafa mtu.
Basi kuna harusi.
Hakuna harusi.
Mgonjwa?
Hakuna mgonjwa. Naenda Musira, kisiwani, kupumzika.
Ma Kokushubira akanyamaza,
akamenya ndizi, akanikatia nusu,
kama anayemlisha mgonjwa asiyejijua.

Nikamweleza. Miaka ishirini na mitatu
nashona sare za shule pale Kirumba.
Kila Januari imenipita nikiwa na pini mdomoni.
Mwaka huu ilipokwisha nilifunga kibanda,
nikaandika mlangoni kwa chaki: NITARUDI ALHAMISI.
Mteja wangu mmoja, Masunga, mdai kaptula,
akaongeza chini yake: UNAKWENDA WAPI NA KWA NINI?

Saa tatu honi ikalia. Mwanza ikabaki,
taa juu ya mawe, taa chini ya mawe,
vifungo vilivyomwagika
usijue uanze kuokota wapi.
Jiwe la Bismarck likapita, jeusi, halina habari nasi.
Harufu ya dagaa ilitusindikiza
mbali kuliko ndugu.

Kabla ya kulala nilifanya jambo.
Nilifungua kasha la maboya, nikavuta moja,
nikalisogeza kwenye taa, nikausoma mshono.
Uzi wa nailoni. Mistari miwili kwapani.
Mkanda umerudiwa kwa msalaba, ncha zimechomwa.
Kazi safi.
Nikavuta la pili.
Baharia alinikuta hapo, la tano likiwa mapajani.
Hakunigombeza.
Na wewe ulikuwa na mtu, mama?
Dada yangu, nikasema. Alikuwa anarudi Mwanza.
Akayapanga maboya moja moja,
akafunga kasha polepole
kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Sikupata usingizi. Injini ilipiga chini ya godoro
na mguu wangu wa kulia, bila kuniuliza,
ukaanza kukanyaga.
Kisigino, vidole, kisigino, vidole,
maji yote yale yakipita chini ya sindano,
nisione pindo, nisione mwisho wa kitambaa.
Juu yangu gizani sauti ikasema:
Fundi, unashona nini saa hizi?
Sijui, nikajibu. Kitu kirefu.
Haya, akasema. Usisahau kufunga uzi.

Alfajiri Kemondo, wachukuzi wakapigiana kelele
juu ya magodoro na kreti za bia.
Halafu Bukoba, ukungu, miguu iliyokufa ganzi.
Ma Kokushubira akanishika mkono gatini:
Nimewaza usiku kucha.
Mtu akienda kupumzika, anafanya nini hasa?
Ndiyo mara yangu ya kwanza, nikasema.
Akaandika namba ya simu nyuma ya tiketi yangu.
Ukishajua, nipigie. Hata usiku.

Boti ndogo, vijana wawili, injini inayokohoa,
kisha mwamba, kisha mchanga, kisha kiti cha plastiki
kimetazama maji.
Mwenye nyumba ameleta chai, anazunguka zunguka,
naona swali linamwasha.
Mguu wangu nimeunyoosha. Umetulia, ila kidole gumba
bado kinasikiliza.

Pazia la chumbani limefumuka pindo,
shibiri mbili hivi, upande wa dirisha.
Nililiona hata kabla ya kutua mkoba.
Sindano ninayo. Uzi ninao, tena rangi ileile.

Leo Jumatatu, saa kumi jioni.
Sijaligusa.