Ndulele Saba

Nilizikuta alfajiri, kabla ya malori ya mchanga:
saba, za manjano, zimefungwa uzi mwekundu,
kila moja imedungwa mwiba wa shina lake yenyewe,
zimepangwa juu ya gunia la samadi
pale pale ninapokalia.

Hapa ni kitaluni, kando ya Barabara ya Ngong,
hatua ishirini za ardhi isiyo yangu
ambayo kanjo hunifukuza kila Machi
na mvua hunirudisha kila Aprili.
Syokau akatua ndoo ya maji.
"Usiguse," akasema. "Zikojolee kwanza."
Mimi nilikuwa nataka chai tu.

Mimea naijua. Ndiyo inayonilisha.
Naujua mnanaha, uotao jaani nyuma ya machinjio ya Dagoretti,
na mbegu zake zilizomfanya mjomba Nzuki
azungumze na kabati siku mbili, kwa adabu.
Naujua mnyaa na maziwa yake yanayopofusha.
Naujua msunguti, ambao baba hakuutaja kwa jina usiku;
aliuita "ule wa mishale", kisha akafunga mlango.
Namjua pia bibi wa Karen, wa gari jeupe,
ajaye kununua tarumbeta za malaika,
dada wa damu wa mnanaha,
azipande chini ya dirisha la watoto
kwa kuwa zinanukia giza likiingia.
Mama, hii ni sumu, namwambia.
Anacheka. Ananilipa kwa simu.
Kwetu, mche mmoja kama huo mlangoni
ungemtenga mjane na kisima.
Yeye anauliza mbolea.

Aliyeziweka namjua vilevile.
Gathogo, wa kitalu cha ng'ambo ya mtaro.
Tangu shule ya Lavington ichukue kwangu
miche mia nne ya ua wa michongoma,
salamu yake imekuwa kikohozi.

Siku ya tatu goti likaniuma.
Goti hili linauma tangu mwaka juzi,
lakini siku hiyo nililisikiliza.

Usiku nikakata uzi. (Uzi mzuri; nimefungia nyanya.)
Nikazipasua zote saba,
nikaziosha mbegu, nikazianika juu ya gazeti,
juu ya uso wa mbunge fulani,
kisha nikazisia katika mifuko myeusi.
Ndulele haina makuu. Ilichipua ndani ya wiki mbili,
na miba yake tayari, kama mtoto aliyezaliwa na meno.

Mabwana shamba huita kubebesha:
unakata kichwa cha ndulele kwa wembe,
unachonga kikonyo cha biringanya,
unakipachika, unakifunga, unakitia kivulini.
Mizizi michungu inabeba tunda tamu mgongoni
na mnyauko wa udongo hauugusi mti.
Sitini zilishika. Nikauza mche shilingi themanini.
Walioniuliza siri niliwaambia: shina gumu.
Sikudanganya.

Biringanya la kwanza, jeusi, linalong'aa kama kiatu cha harusi,
nililifunga gazetini nikavuka mtaro.
Gathogo akalipokea kwa mikono miwili.
"Limetoka wapi?"
"Kwako," nikasema.

Hakulila. Hakulitupa.
Aliliweka juu ya kopo la rangi kando ya kiti chake,
na kila nilipoinua macho lilikuwa hapo,
likilegea, likikunja ngozi,
naye akikaa upande, asilipe kisogo.
Syokau akaacha kuimba.
Nililipeleka kwa moyo mweupe, nadhani.
Nimejiuliza mara nyingi, nadhani.

Wiki ya pili nikamwona ameinama
kati ya mikaratusi yake, ameshika goti.
Nikageuka, nikanyeshea miche.
Nikanyeshea hata ile iliyokwisha kunyeshewa.