Hesabu ya Maji ya Namoto

Nyuzi arobaini na saba, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
kabla jua la Ruangwa halijatia mkono wake kwenye kipimo.
Naandika kwa penseli. Wino hulia ukilowa.

Chupa ya kwanza naisuuza mara tatu kwa maji yaleyale,
maji yaizoee chupa, chupa iyazoee maji.
Ya pili naitilia matone mawili ya tindikali,
chuma kisije kikaganda njiani kikatudanganya.
Ya tatu naizimua mara kumi, kwa ajili ya silika,
maana silika ikipoa hujishika, hunyamaza,
na silika ndiye shahidi ninayemtegemea.
Ya nne ni ya Bibi Nachilongo. Hateremki tena bondeni.
Ameomba ya magoti.

“Umekipata kilichomo?” ananiuliza Likwata, mwenyekiti wa kitongoji,
shati limepigwa pasi kana kwamba maji yatampiga picha.
Mgeni wa mwaka juzi, mwenye buti, aliwaambia
chini ya Namoto umelala mlima wa moto,
ukiamshwa utaleta umeme, na lami,
na mwanawe Likwata atarudi kutoka machimbo ya kinywe.
Mlima wameshaugawana.
Wamekwisha kugombana kuhusu fidia ya mikorosho.

Nasogeza pua: yai viza.
Naam, harufu ipo. Naiandika kwenye safu ya mwisho,
pale tunapoandika mambo yasiyopimika.

*

Lindi mjini, ghorofa ya pili, feni inakohoa.
Maji ni mfanyabiashara, hana budi kufunga hesabu.
Chaji chanya upande huu: sodiamu kwa wingi,
kalsiamu kidogo, magnesiamu ya kuonjea.
Chaji hasi upande ule: bikaboneti, salfeti,
kloridi haba, haba mno.
Pande mbili zinapishana kwa asilimia tatu. Tunasamehe hadi tano.
Maji ya Namoto hayakuiba.

Lakini wewe kloridi, mbona mnyonge hivyo?
Maji yaliyopikwa na volkano huja na chumvi ya kukunja uso,
huja na boroni, na lithiamu, na makeke.
Haya yamebisha hodi mikono mitupu.
Silika: sitini. Naiingiza kwenye kanuni,
narudia, nakunywa chai, narudia.
Mia na kumi na moja.
Tulihitaji mia mbili na ushei.
Mia na kumi na moja ndio moto mkali kuliko wote mliouona, nyie maji,
huko chini, kilomita tatu hivi,
kwenye mwamba mkongwe, na ufa,
na mvua.

Mvua iliyonyesha kabla korosho haijaijua nchi hii,
kabla nchi haijaitwa Ruangwa,
ikateleza ufani ikidhani inalikimbia jua,
ikashuka, ikashuka,
ikiulamba mwamba chembe kwa chembe,
ikipashwa na kina
(dunia ina joto popote uichimbapo, hata ya maskini),
hata ikapata mlango, ikapanda,
ikatokea kwenye magoti ya Bibi Nachilongo.

Naandika: *Chanzo cha joto ni kina cha mzunguko.*
Sentensi moja, na mlima mzima unaporomoka
na lami yake, na mtoto wa watu.

Jumatano nitasimama mbele ya viti vya plastiki.
Likwata atauliza: kwa hiyo hakuna kitu?
Nitasema: zipo nyuzi arobaini na saba, usiku na mchana,
zinatosha kukaushia muhogo wakati wa masika,
zinatosha bafu la zahanati, wazazi wasioge baridi alfajiri.
Atanitazama kama aliyeagiza ng'ombe
akaletewa kengele.

Chupa ya nne niliisahau begini. Ipo dirishani, imepoa,
kitako chake kimeota utando mweupe, mwembamba kama kucha.
Kwa bibi nitapita kwanza, kabla ya mkutano.
Nitayapasha jikoni kwake, kwa mkaa,
nikichungulia kipimajoto,
arobaini na tano, na sita,
asijue.