Kwa Matumizi ya Ndani

Boksi lilisema wazi, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
kwa matumizi ya ndani tu.
Fundi Gwamaka akalisoma, akakohoa, akasema,
"Mama, barazani napo ni ndani, ukiamua iwe ndani.
Juu kuna bati, nyuma kuna ukuta.
Zimebaki pande chache."

Hapa Tukuyu hizo pande chache ndiyo dunia nzima.
Mvua yetu hainyeshi, hutembea.
Huja kwa ubavu kutoka Rungwe,
hupita chini ya bati bila kuinama,
huketi kwenye kigoda,
hulowesha kuni nilizozipanga tangu Januari.

Lakini mabuti yangu yaliibiwa humohumo barazani,
jozi nzima, na tope lake.
Wiki iliyofuata akaenda mtetea
pamoja na mayai aliyoyaatamia.
Mwizi wa mabuti nitamsamehe, ana miguu.
Wa mtetea, hapana.

Tukaitundika kamera pembeni, chini ya kenchi.
Nikakata dumu la mafuta ya kula, la lita tano,
nikaivika kofia.
Waya tukaupitisha dirishani, tukauachia kitanzi
ili tone liteleze lidondokee hapo,
lisifuate njia hadi kwenye soketi.
Hilo Gwamaka alinifundisha bure.
Mengine yote alinitoza.

Usiku wa kwanza simu ililia mara arobaini.
Mtu ameonekana.
Nikatoka na panga: jani la mgomba.
Mtu ameonekana: ukungu unapanda ngazi
polepole, kama mkwe anayekuja kuomba radhi.
Mtu ameonekana: buibui, amejenga mbele ya jicho,
kila mguu mnene kama nguzo ya umeme.
Mwizi hakutokea.
Kuku waliobaki walilala vizuri kuliko mimi.

Kisha Tusekile, mwanangu, akaomba namba ya siri.
Yuko Maskati, ghorofa ya tisa, mwaka wa tatu huu,
analea watoto wa wenyewe.
Madirisha ya kule, anasema, hayafunguki.
Baridi inatoka kwenye mashine,
maji yanatoka kwenye chupa.
Na huyu nilimzaa kando ya shamba la chai,
kapu likiwa bado mgongoni.

Akawa anaingia barazani kwangu kila usiku
bila kubisha, bila kupangusa miguu.
Sauti yake hutoka ndani ya dumu:
"Mama, usiianue. Usifute kioo.
Acha niione inavyoteremka."
Nami nimesimama na kitambaa mkononi,
namwambia, itaharibika, mwanangu,
haikutengenezwa kukaa nje.
Akacheka. Akanyamaza kitambo.
Nyuma yake nikasikia mtoto wa watu akimwita
kwa jina ambalo mimi sikumpa.

Aprili ikaisha. Mei ikaingia na ubavu wake.
Ndani ya jicho pakaota ukungu mdogo,
wa kwake mwenyewe, haufutiki kwa nje.
Picha ikawa maziwa.
Gwamaka akaifungua, akamimina tone moja
kwenye kiganja changu, kama ushahidi.
"Nilikuambia," akasema, ingawa hakuniambia.

Nimeizika kwenye debe la mchele wa Kyela.
Wanasema mchele hunywa maji.
Kila asubuhi naifukua, naiwasha,
inawaka taa nyekundu, inafikiri, inazima,
naifukia tena.
Mchele wenyewe tunaula kwa kuchota pembeni.

Usiku simu bado hulia. Si mwizi.
"Mama, leo imenyesha?"
Sijibu. Nafungua mlango,
napita kuni, napita kigoda,
nanyoosha mkono hadi pale bati linapoishia
na simu inaanza kulowa.
Boksi lake sijui liliandikwa nini.
Sikulisoma.