Ya Mwaka Gani?

Nachingwea, nyuma ya ghala la korosho,
Landrova imekalia matofali manne.
"Ya hamsini na nne," asema Bi Somoe Mchopa,
"kama mimi." Anatoa kitambulisho chake;
kadi ya gari ililiwa na mchwa.

Nachungulia. Injini ni ya sitini na moja,
milango ya sabini, usukani wa trekta.
Lakini taa zimejificha nyuma ya wavu
kama macho ndani ya chandarua.
Hapo nikashtuka.

Naomba mafuta ya taa na kitambaa,
najilaza ubavu kwenye chesisi.
Kijani kinatoka, chini yake kijivu,
chini yake kutu, chini ya kutu tarakimu.
Nazisoma mara mbili.
Arobaini na tisa.

Bi Somoe kimya.
"Mama alinizaa wiki ileile
baba alipoipokea hii bandarini Mkwaya,
ije kulima karanga za Mwingereza."
Anahesabu vidole, anarudia kidole gumba.
"Karani alinikadiria kwa kunitazama tu.

Miaka mitano nzima! Kanipunja."
Kisha, akizifuta tarakimu kwa pindo la khanga:
"Ile bei ya asubuhi
ilikuwa ya hamsini na nne."