Paka Penye Shaka

Mwezi wa Mei, ziwa likishatema barafu yake ya mwisho,
shangazi Romualda hufunga kopo kwenye usukani:
rangi ya kijani, brashi mbili, kisu cha kukwangua gome.
Hanisemeshi. Huitazama baiskeli yangu bandani
mpaka naona haya, naitoa.

Kilomita sitini na moja. Maziwa saba.
Alama ni moja: kijani katikati, weupe juu, weupe chini,
ukubwa wa kiganja, usawa wa macho ya mtu aliyechoka.
“Penye njia moja usipake,” huniambia. “Utamaliza rangi bure.
Paka penye shaka.”

Vilima vya Suwałki si milima kwa aliyeona milima.
Ni vitu ambavyo barafu ya kale ilivisahau ikihama,
pamoja na mawe mashambani ambayo wakulima huyaokota
kila masika, na kila masika ardhi imezaa mengine.
Lakini goti halijui jiografia.
Gia ya kwanza, mnyororo unasaga meno,
jasho jichoni, mbu sikioni,
na yeye, miaka sitini na minane, yuko juu tayari,
anakwangua msonobari huku akipiga mluzi.

Kisha mteremko.
Mizizi. Mchanga. Mizizi.
Breki zinalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.
Ziwa Hańcza laonekana, lapotea, laonekana
kati ya mashina, kama mtu anayekwenda sambamba nawe
na hataki kukuamkia.

Njia ya mwongo fupi, husema watu.
Hii ni ndefu, na waongo waliipita vilevile:
babu yake alivusha sakarini mpakani usiku,
imeshonwa ndani ya koti la mtoto mchanga,
na alama yake ilikuwa kutokuwa na alama.
“Angeniona na kopo hili,” shangazi asema,
“angenichapa.”

Baada ya ziwa la tano, msitu haukuwepo.
Anga tu, kubwa mno, kama nyumba iliyohamwa.
Visiki vikitoa utomvu. Magogo yamepangwa kando ya njia,
na katika gogo la tatu kutoka chini, mkono wake wa mwaka jana:
kijani, weupe, mshale,
mshale ukielekeza mawinguni.

Palikuwa na baba mmoja na bintiye, wa kutoka Łódź,
wamesimama na simu isiyo na mtandao.
Mtoto, Kalina, alikuwa ameinua shingo,
anaufuata mshale kwa dhati.
“Tutapandaje huko?” aliuliza,
na baba yake, Seweryn, akacheka peke yake.

Shangazi aliegemeza baiskeli mahali palipokuwa na mti.
Ikaanguka.
Akaiacha chini.
Kati ya visiki kulikuwa na miche, urefu wa kidole,
imenyooka kama mistari ya daftari jipya.
Alichuchumaa, akagusa mmoja kwa ncha ya brashi kavu.
“Huu utaibeba alama,” alisema, “mimi nikiwa simo.”

Halafu akatafuta jiwe.
Lilikuwapo; huku mawe hayakosekani,
kubwa kama ndama aliyelala.
Akalikwangua kuvu, akapaka: weupe, kijani, weupe,
na mshale, chini kushoto, kuelekea maji.
Mkono ulitetemeka. Mstari ukapinda.
Nilitaka kuunyoosha; akanizuia.

Kalina akauliza kama jiwe haliwezi kuhama.
“Huhama,” shangazi akamjibu. “Polepole. Mtaliwahi.”

Kopo lilikuwa limebaki robo. Maziwa mawili bado,
na nyuma ya lile la sita, kilima ambacho kila mwaka
hukipanda nikiikokota baiskeli, nikijifanya nimepata pancha.
Aliinyanyua yake, akafuta vumbi la mbao kwenye kiti
kwa mkono uleule wenye rangi.
Tukapanda.